Uzinduzi wa Friji ya Waliong'atwa, Tumati

Waheshimiwa wa meza kuu, wachungaji na mapadre mliotuombea, wazee wetu wa Tumati, shikamooni, ndugu wafugaji mliopanda kutoka Hanang, wachanjaji mlioumwa na mbwa, na wengine ambao ningewataja wote kama nisingechelewa: naitwa Mratibu wa Mradi wa Usalama wa Wachanja Mbwa, na ni heshima kubwa kwenu kuwa nami. (Makofi machache.)

Ndugu zangu, ni mimi niliyebuni, katika mkakati shirikishi wa kubana matumizi, kwamba mbwa wachanjwe siku ya josho, kwa kuwa siku hiyo huja wenyewe wakiongozana na ng'ombe. Kwenye implementesheni ikadhihirika kwamba mbwa aliye na ng'ombe wake hamruhusu mgeni kusogea, achilia mbali mgeni mwenye sindano. (Mzee Gidahosh: "Nilisema! Mbwa akiwa na ng'ombe yuko kazini!") Asante, mzee, maoni yako yamepokelewa.

Takwimu zinatutia moyo. Tulilenga mbwa mia mbili, tukachanja wanne. Na wachanjaji walioumwa ni watano kati ya watano, yaani ushiriki wa asilimia mia moja. (Minong'ono.)

Rogathe, simama wakuone. Inua mkono. Siyo huo, ule wenye bandeji. Binti huyu alimshika mbwa mikono mitupu, kwa sababu glavu zilikuwa kwenye mchakato, na hakulalamika. (Rogathe: "Shikamoo, mheshimiwa. Nalalamika. Yule mbwa amekufa leo asubuhi, akitokwa povu. Naomba sindano ya kichaa cha mbwa.")

Marahaba, binti yangu, ondoa hofu. Friji hii ninayoikatia utepe itatunza chanjo zenu, zikishaagizwa, bajeti ikishapita, kamati ikishaundwa. (Sauti: "Ifungue tuone!") Isifunguliwe, jamani, mtaharibu ubaridi. (Sauti: "Hata umeme haina!")

Mchanjaji salama! (Kimya.) Kazi salama! (Mbwa mmoja anabweka.)

Kwa kumalizia, namshukuru kwa dhati Mama Eva, mwenye duka, aliyetuazima friji yake ya soda kwa ajili ya uzinduzi. Vijana, irudisheni, na soda zake zisipungue. Sasa wachanjaji wangu watano, sogeeni hapa tupige picha. (Wachanjaji wote wako barabarani, wanapanda basi la kwenda hospitali ya Haydom, Rogathe mbele.) Haya, mpiga picha, nipige peke yangu.