Panga Lisilotoa Malengelenge

Mungu alimnyima Rubeni shamba, akamfidia ulimi. Ndiyo maana siku ya gulio la Lukozi, wenzake walipokuwa wakitazama kabichi na karoti, yeye alikuwa akitazama mipini ya mapanga. Kila mkulima aliyepita alikuwa ameuvisha mpini wake kitu: huyu kipande cha kanga, yule kamba ya katani, mwingine soksi ya mtoto. Mtu wa kawaida angesema mipini ya siku hizi ni mibovu. Rubeni alijisemea kwamba hawa watu wanaumwa viganja, na anayeumwa hununua dawa bila kuuliza imetoka wapi.

Wiki hiyohiyo alishuka Mombo kwa Zuberi, muuza vyuma, aliyekuwa na robota la mapanga aliloona haya kulitoa hadharani. Lilikuwa bati tupu lililochongwa likafanana na panga. Zuberi aliliita mali, Rubeni akaliita takataka, na wote wawili walijua nani anasema kweli. Mwishowe wakabadilishana. Rubeni akachukua robota, Zuberi akachukua pikipiki ya Rubeni, nyekundu, ambayo mwenyewe aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Aliisindikiza kwa macho ikiondoka imekaliwa na mtu mwingine. Mapanga yakiuzika, angenunua pikipiki nyingine. Yasipouzika, angekuwa bodaboda asiye na boda, yaani mtembea kwa miguu kama binadamu wengine.

Nyumbani akavisha kila mpini mpira wa tairi la ndani la baiskeli, akaupaka rangi ya njano, na kufikia gulio lililofuata bidhaa ilikuwa imeshabatizwa.

“Wazee shikamooni, akina mama shikamooni, vijana mambo,” alianza, maana tapeli asiye na adabu hafiki saa nne. “Hili ndilo panga la Kijerumani. Mjerumani alipoondoka Lushoto alituachia majengo, akatuachia na baridi, lakini panga lake akaondoka nalo. Leo limerudi. Mpini huu umepimwa na madaktari. Hautoi malengelenge. Nasema mbele ya gulio zima: lengelenge moja, panga moja bure.”

Kisha akalinganisha, kwa sababu siku hizi watu hawanunui bila kulinganisha. Mzee mmoja alipewa panga la kawaida na gogo la mwati lililokauka tangu mwaka juzi. Panga likadunda, mzee akapuliza kiganja. Rubeni mwenyewe akashika la Kijerumani, akakata gogo la mgrevilea bichi ambalo usiku kucha lilikuwa limelala ndani ya pipa la maji. Likaingia kama kwenye ndizi mbivu. Watu wakaguna kwa heshima.

Kwenye meza ya jirani alikuwapo Zuberi, amekuja na majembe ya ukoo uleule wa bati. Alikuwa ameegemea pikipiki nyekundu, kwa makusudi kabisa.

Ndipo akatokea Mama Paskalina, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa jumuiya. Hakulitazama panga. Alimpa Rubeni mkono, akakishika kiganja chake muda kidogo kupita desturi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kikundi chetu kinataka mapanga.”

“Mangapi, mama?”

“Hayo yote.”

Rubeni alikohoa ili asicheke.

“Ila sisi hatununui kitu gulioni,” aliendelea Mama Paskalina. “Gulioni hata mbuzi mgonjwa huruka. Kesho uje nayo nyumbani tuyajaribu. Tukiridhika, tunalipa palepale.”

“Na majembe, mama?” Zuberi alidakia kutoka meza ya pili.

“Panga kwanza. Jembe lina siku yake.”

Asubuhi bodaboda ilimfikisha Rubeni darajani, na kutoka hapo ikawa njia ya miguu, robota begani, kapanda mpaka akaanza kuwalaumu wazazi wake. Nyumbani kwa Mama Paskalina alipokewa vizuri mno, na mtu mwenye akili angeshtuka hapohapo. Alipewa chai vikombe viwili na viazi vya kuchemsha, halafu akaongozwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko uliojaa visiki vya miwati na vichaka vilivyoshikana. Akina mama walikuwa wameshakaa pembeni kwenye majani, kanga zimefungwa vizuri, kama watu waliokuja kusikiliza mahubiri.

“Haya, nani aanze?” Rubeni alimnyooshea panga Modesta, mama mwenye mabega mapana.

Modesta akamwonyesha kiganja chake. “Mimi hiki kikishika kaa la moto, linaloungua ni kaa.”

“Hapo ndipo tulipokwama,” alisema Mama Paskalina kwa huzuni nzito. “Mikono yetu sote ni hiyo. Haitoki lengelenge hata kwa panga baya. Sasa huu mpini wa madaktari tutaupimaje? Laiti tungekuwa na mtu mmoja tu mwenye kiganja laini.”

Wote wakaitazama mikono ya Rubeni. Ilikuwa mikono mizuri kweli, iliyokuwa haijashika kwa muda mrefu kitu kizito kuliko pesa ya mtu mwingine.

“Visiki viwili vitatu tu,” alisema Rubeni, akivua koti.

“Na tulinganishe kwa haki,” alisema Mama Paskalina. “Kimoja kwa la Kijerumani, kimoja kwa langu.” Akamwekea miguuni panga lake, jeusi, zee, lililofuliwa na mhunzi wa Bungu kwa springi ya gari, na mpini wake ulikuwa wa mpera.

Kisiki cha kwanza Rubeni alikikata kwa mbwembwe. Cha pili alikikata kimya. Alipofika cha nne, panga la Kijerumani lilikuwa limeanza kudunda na kumrudishia kila pigo mpaka kwenye kiwiko, na ule mpira wa njano ulizunguka kwenye mpini na kumfinya nyama ya kiganja kama mama wa kambo. Alitaka kupumzika. Lakini Bibi Sesilia, mzee kuliko wote, akainua kidole.

“Hivyo ni visiki vikavu. Kwenye mbichi je?”

Akakata mbichi.

“Na kwenye vichaka?” aliuliza Modesta.

Akafyeka vichaka.

“Na mkono ukitoka jasho?” aliuliza mwingine. “Madaktari walisemaje kuhusu jasho?”

Kila swali lilikuwa la haki, na kila jibu lilikuwa na mti wake. Rubeni hakuwa na njia. Angesema mikono inauma, biashara ingekufa, na pamoja nayo ile pikipiki mpya. Basi alikata huku akitabasamu, na kadiri kiganja kilivyowaka ndivyo meno yake yalivyoonekana.

Lilikuwapo jambo moja ambalo hakulitarajia. Kila zamu ya panga la Mama Paskalina ilipofika, mkono ulipata nafuu. Panga lile lilikuwa na uzito mbele, likishuka lilishuka lenyewe, yeye kazi yake ilikuwa kulielekeza tu. Mpini ulikuwa mwembamba katikati na umenenepa mwishoni, mkono ukakaa pale bila kubana wala kuteleza. Akaanza kuiba zamu: kimoja kwa la Kijerumani, viwili kwa lile jeusi, kisha vitatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Rubeni aliona fahari kukata mti, na papo hapo akaona aibu, kwa kuwa alijua sasa ni kitu gani alichokuwa akikisifia gulioni, na kwamba katika robota lake lote hapakuwa na panga hata moja lenye kitu hicho.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa Rangwi, mteremko ulikuwa mweupe, kuni zimepangwa, na Rubeni amekunja ngumi mbili ambazo hakuthubutu kuzikunjua.

“Njoo ule, mwanangu,” alisema Mama Paskalina. Sufuria la makande lilifunuliwa, na Modesta akaja na jagi la maji ya moto na beseni amnawishe. Rubeni akaficha ngumi kwapani.

“Leo nimefunga.”

“Umefunga?” aliuliza Bibi Sesilia. “Na ile chai ya asubuhi?”

“Nimefunga baada ya chai.”

Wakala wao, yeye akameza mate. Wala makande hayakuwa mabaya. Harufu ilimfuata kila alikogeuzia uso.

Walipomaliza, Mama Paskalina akafungua pindo la kanga yake taratibu, akatoa kitambaa kilichofungwa na kutuna. Rubeni aliona pikipiki nzima humo ndani, imekunjwa.

“Tumeridhika,” alisema Mama Paskalina. “Haya, chukua.”

“Niwekee hapa, mama.” Rubeni akabinua kifua kuonyesha mfuko wa shati.

“Hela ya jumuiya haichomekwi mfukoni kama ya kumtuza mwimba taarabu. Pokea kwa mikono miwili, mwanangu, kama ulivyolelewa.”

Rubeni alikuwa amelelewa hivyo, na aliyemlea alikuwa na fimbo. Akakitazama kitambaa. Akawatazama akina mama. Tamaa ikamshika viwiko na kuvisukuma mbele, na mikono ikafunguka.

Bibi Sesilia aliinama akaanza kuhesabu kwa kidole, bila haraka. Alipofika kiganja cha pili akasogeza macho karibu. “Haya ya huku yameungana. Sijui tuyahesabu kama kitu kimoja.”

“Lengelenge moja, panga moja bure,” alisema Mama Paskalina. “Maneno yako, mbele ya gulio zima.”

Akina mama wakainuka, wakaliendea robota kwa utaratibu, na walipoliacha lilikuwa gunia tupu. “Yatafaa kukatia majani ya ng’ombe,” alisema Modesta, akilikunja moja kidogo kwa mkono.

“Mama, kumbe ulijua,” alisema Rubeni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Nilijua uliponipa mkono. Mtu anashuhudia habari za panga, na kiganja chake hakijawahi kulishika. Mvua za vuli ziko mlangoni, vibarua wamepanda bei, mbegu zangu za viazi zinachipua ndani. Nikasema, huyu kaletwa.”

“Na hela?”

Mama Paskalina akakifungua kitambaa. Mlikuwa na magunzi mawili ya mahindi. “Mjanja hapandi mlima kwa kuitwa tu. Lazima kitu kitune.”

Halafu akampaka samli viganjani, akampa makande kwa kijiko, naye Rubeni akala, maana kufunga kulikuwa kumekwisha. Alipoaga, Mama Paskalina alimsindikiza mpaka mwisho wa ua.

“Ukimwona yule mwenzako wa majembe, mwambie kikundi kinamngoja. Mteremko umesafika, sasa unataka kulimwa.”

Hakuhitaji kumtafuta. Darajani alimkuta Zuberi juu ya pikipiki nyekundu, mzigo wa majembe nyuma, macho yamemtoka.

“Robota liko wapi?”

“Limebaki juu. Halikurudi hata panga moja.”

“Yote wamechukua?”

“Waligombania kupanga mstari. Na wamenituma nikuite na majembe yako.” Rubeni akatazama njia ya miguu. “Ila pikipiki haipandi huko. Wala usiiache hapa peke yake. Watu wa huku ni wajanja.”

“Wajanja kweli?”

“Hujapata kuona.”

Zuberi alishajitwika majembe. Akamtupia Rubeni ufunguo, naye Rubeni akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

“Wanapenda kujaribu kitu,” alimwambia. “Usiwanyime nafasi.”

Kila kona ya kushuka ilimuuma mpaka mabegani, kwa kuwa mkono wa usukani wa kuvutia mafuta ulikuwa umechakaa na hakuna daktari aliyewahi kuupima. Kona ya tatu akasimama, akazima injini, akapepea viganja kwenye upepo mpaka jua likakaribia kuzama. Kutoka juu ya mteremko akasikia jembe likigonga udongo, likadunda, kikafuata kicheko cha akina mama na sauti ya Bibi Sesilia ikiuliza kitu. Rubeni akasikiliza kwa huruma ya mtu anayeijua kazi ile. Kisha akawasha pikipiki yake, akavuta mafuta kwa vidole viwili, akashuka.