Posa ya Kisiwa

Mwenye chai na aimimine kabla haijapoa, maana habari za Aron Kiplimo hazisimuliwi mbio mbio. Ilikuwa Oktoba ya 1995, mwezi wa bonusi, yale malipo ya nyongeza ya mwaka kutoka kiwandani, ule mwezi ambao mkulima wa majani chai hutembea katikati ya barabara na gari ndilo humpisha. Aron alikuwa amesimama karibu na kituo cha kupimia majani nje ya Silibwet, suti ya kahawia mwilini na kalamu tatu mfukoni, ingawa hakuwa na karatasi. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa kama kawaida. Akina mama kumi na mmoja wa kikundi kimoja walikaa kando ya vikapu vyao wakibishana bonusi yao waifanyie nini. Mmoja alitaka tangi la maji, mwingine mabati, mwingine ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Aron aliposikia hawajaelewana, mate yalimjaa mdomoni.

Tusimwite mwizi, tafadhali. Mwizi huchukua mwenyewe, lakini Aron alingoja apewe, tena akashukuru. Mwaka uliotangulia alikuwa amewauzia waimbaji wa Merigi nafasi ya kuimba redioni, na kule Kapkatet kulikuwa na watu waliokuwa na hamu kubwa sana ya kumwona. Mali yake ya halali ilikuwa vitu viwili tu: pikipiki ya Yamaha, na robo eka ya majani aliyoachiwa na marehemu mama yake hapo hapo Silibwet. Pikipiki aliipenda. Robo eka aliiheshimu, na hata siku alizolala na njaa hakuwahi kuigusa.

Basi akawaamkia akina mama kwa adabu zote, akauliza hali ya ng'ombe na ya watoto, kwa mpangilio huo, kisha akawapa pole ya mgongo. Akawaambia kuna kisiwa kusini ya Mombasa, kidogo hivi kwamba unakizunguka kwa miguu kabla ugali haujaiva. Mchanga wake mweupe kama unga wa gredi ya kwanza. Hakuna mwanamke anayebeba kikapu mgongoni. Wao hukaa kivulini wakapakwa hina miguuni. Samaki hutoka majini akaingia kwenye tui la nazi bila kupumzika njiani, na jioni watu hucheza ngoma mpaka mzee asahau goti lake. Wiki nzima, basi na mashua ndani yake, kwa bonusi ya mama mmoja mmoja, ilipwe mapema kwa sababu nafasi ni chache. Mpango wake ulikuwa mwepesi: azipokee pesa, aage kwamba anakwenda kulipia nafasi, na asirudi tena maishani.

Mwenyekiti wa kikundi aliitwa Chepkosgei, mama mnene, mpole, ambaye alisikiliza yote huku akitoa majani makuukuu kwenye kikapu chake na kuyatupa.

"Maneno yako ni matamu, kijana wangu," alisema. "Lakini sisi huku hatuchukui msichana kwa kusifiwa. Watu wanatumwa waone boma. Wakirudi tunakaa chini. Kama hatujaelewana wanatumwa wengine, mpaka sisi wote tukubali. Na mwenye kuleta maneno ndiye anabeba gharama."

Kama kile kipande cha mwisho kilikuwa desturi ya mababu au kilizaliwa mchana ule ule, hakuna aliyeuliza. Aron alipiga hesabu haraka. Nauli ya mtu mmoja dhidi ya bonusi za watu kumi na mmoja: hiyo ni chambo, na asiyetia chambo hana haki ya kulalamikia mto. Rodah, mweka hazina, akamimina mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, na Aron akanywa mbele ya wote. Hapo maneno yakawa yamefungwa, maana mtu akishakunywa mursik ya watu hawezi kuondoka kama aliyekuwa akiuliza njia tu.

Aliyetumwa kwanza ni Rodah. Aron alienda posta, akampigia simu Atuti, rafiki yake wa zamani aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kisiwani, akamwomba ampokee mama mmoja vizuri. Akatoa akiba yake, akamkatia tiketi.

Rodah alirudi baada ya siku tisa, mashavu yamejaa, miguu ina maua ya hina, na pakiti ya halua mkononi. Kituoni alitoa ripoti mpaka lori likaja na kuondoka. Aliwaeleza jinsi bahari inavyokufuata hadi magotini halafu inakumbuka ilisahau kitu na kurudi. Aliwaeleza habari za pweza, kwamba ukimwona unakataa, ukimwonja unaomba msamaha. Aron alikaa pembeni akitabasamu, mkono tayari karibu na mfuko.

Chepkosgei akashukuru sana. Lakini akasema Rodah ni mtu wa kupenda kila kitu, hata uji wa mkutanoni huwa anausifu. Ingefaa atumwe mtu mgumu.

Mgumu alikuwa Janeffer, na kwa kuwa mtu mgumu hasafiri peke yake, akaandamana na Drusilla. Pikipiki ikauzwa. Mnunuzi alipoiwasha na kuondoka nayo, Aron aliuma midomo akajiambia kwamba Januari atanunua gari. Wale wawili wakakaa siku kumi. Janeffer alirudi na malalamiko: maji ya kule yana chumvi, hakuna ng'ombe hata mmoja, na chai inatiwa tangawizi kana kwamba watu wote wana mafua. Drusilla akasema chai ilikuwa tamu. Wakagombana mbele ya mizani, karani akaomba wanyamaze ahesabu kilo.

"Sasa unaona," Chepkosgei alimwambia Aron kwa huruma ya kweli. "Hawajaelewana."

Wakatumwa watatu wa kuamua. Aron akauza redio, kitanda na ile suti, akabaki na kalamu. Watatu wakarudi weusi wa jua, wameiva vizuri, wakasema jambo zito kama hili haliwezi kuamuliwa na vijana. Lazima wakubwa wa kikundi waone kwa macho yao. Walikuwa wamebaki watano, akiwemo mwenyekiti.

Usiku ule Aron hakulala. Kuacha sasa ilikuwa ni kupoteza vyote alivyokwisha kutoa. Kuendelea ilikuwa ni kugusa shamba la mama. Aliwaza bonusi kumi na moja zikiwa zimelala pamoja ndani ya sanduku la Rodah, na kulipokucha akaenda kwa Kipsang, mume wa Chepkosgei, akamkodishia robo eka kwa miaka mitano. Kipsang hakuuliza neno. Alihesabu noti, wakaandikiana, wakapeana mkono. Njiani Aron alicheka: pesa za mume zinakwenda kunasa pesa za mke.

Watano wakaenda. Wakakaa wiki mbili.

Siku waliyorudi Aron aliwahi kituoni alfajiri, viatu vimepigwa rangi. Akina mama wote kumi na mmoja walikuwepo, hina miguuni, wakicheka kwa sauti. Chepkosgei alisimama akatangaza kwamba kikundi kimekubali kwa kauli moja: kisiwa ni kizuri, na kila neno alilosema Aron ni la kweli.

"Basi tulipe nafasi, mama," Aron alisema.

"Nafasi za nani?" Chepkosgei aliangalia huku na huku. "Sisi wote tumeshaenda. Nani amebaki?"

Aron alihesabu nyuso. Alizihesabu tena. Akauliza bonusi iko wapi, akaambiwa imenunua ng'ombe wawili wa gredi, na mmoja ana mimba. Alisikia uchungu wa shamba la mama yake kuliko wa pikipiki, na machozi yakamjia mbele ya watu.

Chepkosgei akasogeza kikapu, akampa nafasi akae karibu naye. Akamwambia Kipsang anatafuta mtu wa kuchuma ile robo eka, analipa kwa kilo, na angependa mtu anayelijua shamba. Kisha akashusha sauti.

"Atuti alimwambia Rodah ile safari ya kwanza kwamba wewe hujawahi kupita Nakuru," alisema. "Pole sana, kijana wangu. Keti, lori bado. Nikueleze bahari iko namna gani."

Naye Aron akakaa, akasikiliza.