Maneno Yaliyovuliwa Koti

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mzee wa meza ya dirishani anastaafu! Ametangaza asubuhi katikati ya chai, bila hata kuweka kikombe chini. Miaka ishirini na mbili amekuwa Msahihishaji Mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji, na Ijumaa anafunga virago. Meza yake inaangalia barabara. Yangu inaangalia mlango wa choo, mwaka wa tisa huu. Hewa ya dirishani naijua kwa kusimuliwa tu.

Wasahihishaji tunabaki wawili, mimi na Bi Nukta. Jina lake silo hilo, ila hajawahi kuona sentensi isiyo na nukta akanyamaza. Bosi ametuita ofisini. Kuna kitabu cha hadithi cha darasa la pili, na mwishoni inatakiwa orodha ya maneno na maana zake. Maneno themanini. Arobaini yake, arobaini yangu, tukabidhi Ijumaa asubuhi. Atakayefanya vizuri zaidi ndiye atakayehamia dirishani.

Nikasema sawa bosi. Mguu wangu ukaanza kucheza wenyewe na mpaka sasa haujaacha.

Tatizo: kamusi ya ofisi ni moja, ya karatasi, na inakaa kwenye droo ya Bi Nukta. Intaneti Bosi aliikata mwezi uliopita, siku alipokuta kiwanda kizima kinatazama mpira. (Aliyeufungua ni mimi, lakini hilo halijathibitishwa.) Nikamwomba Bi Nukta kamusi kwa heshima zote. Akasema haina neno kaka, tutumie kwa zamu. Kwa zamu! Ndiyo mtego wenyewe huo. Anataka kujua nimekwama wapi. Nikamwambia asante, mimi ninayo yangu.

Sina.

Jumanne, tarehe 5

Mpango huu hapa. Kuna kamusi za kompyuta zinazofanya kazi bila intaneti. Unaipakua mara moja, unaiweka kwenye kompyuta yako ya mezani, imekaa humo daima. Bi Nukta atakuwa bado analamba kidole afunue kurasa, mimi nimeshamaliza nakunywa maji.

Saa ya chakula nimechomoka kwenda duka la intaneti. Mwenye duka ni dada mmoja asiyecheka. Akauliza nataka nini. Nikasema kamusi. Akauliza nataka programu ya kusomea kamusi, au kamusi yenyewe, au vyote. Nikamwambia dada, mimi si mtoto, weka programu haraka. Akaweka kwenye flashi. Nikaondoka mbio.

Kuisakinisha kumechukua dakika tano. Endelea, endelea, nakubali, endelea, maliza. Nilichokikubali sikijui. Dirisha likafunguka, jeupe, safi, na kisanduku cha kuandikia neno pale juu. Nikaandika neno jepesi la kuijaribu: maji. Neno halipo. Nikaandika: nyumba. Neno halipo. Kamusi gani hii isiyojua maji wala nyumba?

Nimeifuta, nimeisakinisha upya. Nimezima, nimewasha. Nimeizaba kompyuta kofi dogo la ubavuni. Bi Nukta akapita kwenda chooni, akauliza kama kuna shida. Nikasema hakuna, narekebisha mipangilio. Akapita akirudi, bado narekebisha mipangilio. Meza hii! Kila aliyebanwa lazima aikague kazi yangu kwanza.

Jioni nikarudi kwa yule dada, nimevimba kwa hasira. Akaniambia bila kuinua macho kwamba programu ni kabati, kamusi ni sahani. Nimebeba kabati, sahani nimemwachia yeye. Angeniambia mchana, ila mchana nilikuwa si mtoto. Akanipa mafaili ya kamusi, yote yamefungwa kwa kile wanachokiita zipu.

Jumatano, tarehe 6

Nimefika kazini kabla mlinzi hajafungua geti. Tukatazamana kupitia vyuma.

Zipu imenitesa mpaka saa nne. Nikampigia simu mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, zipu ndiyo kazi yake. Akauliza ya suruali au ya gauni. Nikasema ya kompyuta. Akakata simu. Mwishowe nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya kwa bahati tu, mafaili yakafunguka yenyewe. Nikaionyesha programu folda yalipo. Ikahesabu, ikahesabu. Maneno elfu thelathini! Nikaandika maji. Yakatoka! Nikasimama nikapiga kofi moja kubwa, kiwanda kizima kikageuka. Nikajifanya nimeua mbu.

Basi nikaanza orodha. Maneno Bosi ameyaokota vilevile yalivyo ndani ya hadithi. Mipaka. Neno halipo. Vinyonga. Neno halipo. Vijana. Neno halipo. Elfu thelathini nzima na hakuna hata vijana!

Nikajua kuna mkono wa mtu. Nikamtazama Bi Nukta. Kalamu nyuma ya sikio, anaandika polepole, yuko neno la ishirini na sita. Nilimhesabia. Mtu asiye na lake jambo hawezi kutulia namna ile. Nimechomoa flashi, nimeipuliza, nimeichomeka tena. Nimesakinisha upya mara nne. Chakula sikuonja. Kwa hasira nikaandika kwenye kisanduku: nitamwonyesha. Neno halipo.

Nyumbani nimezunguka chumbani mpaka mke wangu akasema mume wangu kaa chini, unanikanyagia vitambaa. Nikamweleza yote. Yeye alikuwa anafumua koti la mteja, pini mdomoni. Akasema kwani tatizo liko wapi, maneno yenyewe yamevaa. Vijana wamevaa vi, mipaka imevaa mi. Hata yeye hampimi mtu akiwa na koti. Nivue vya juu kwanza, nitafute kilichobaki.

Nikamkumbatia. Pini ikanichoma shavu. Nimeoa mwanamke mwenye akili sana, ingawa Bosi si lazima ajue wazo ni la nani.

Aliongeza na jambo jingine, kwamba kuna nguo ukiivua na ngozi inatoka, kwa hiyo nitazame kwanza, nisi... Sikusikia mwisho. Nilikuwa nimeshakimbilia daftari.

Alhamisi, tarehe 7

Leo nimefanya kazi ya kisayansi. Hatua ya kwanza: nimeyavua maneno yote arobaini. Ki, vi, m, mi, wa, chini! Robo saa tu. Nimeyapanga kwenye safu, kila moja na namba yake, hayana hata shati. Hatua ya pili: andika neno lililovuliwa, nakili maana yake, bandika, nenda linalofuata. Hatua ya tatu: maana namba moja iende kwa neno namba moja la Bosi, namba mbili kwa namba mbili, mpaka arobaini.

Na kamusi imekubali kila kitu! Hakuna halipo hata moja! Elfu thelathini zote ziko upande wangu. Maana zenyewe sikuzisoma, za nini, kompyuta imeshazisoma. Nilimwona paka akipita kwenye skrini, nikafurahi. Watoto wanapenda paka.

Saa tisa nimemaliza. Bi Nukta alikuwa neno la thelathini na saba. Akaja na karatasi zake, akasema kaka tubadilishane kama siku zote, nikusomee zako, unisomee zangu, tusije tukaaibika mbele ya wageni. Nikafunika skrini kwa koti langu. Nikamwambia safari hii kila mtu abebe mzigo wake. Akasema sawa kaka, akarudi kwake. Nilimwona anavyoenda. Roho ilinisuta kidogo, nikaizima.

Nimechapisha, nimepeleka kwa Bosi leo leo, siku moja kabla! Akasema vizuri sana. Alisema vizuri *sana*!

Nikaenda kuipima meza ya dirishani kwa rula. Kompyuta yangu inaenea. Mzee alikuwa bado ameikalia, ikabidi ainue viwiko.

Ijumaa, tarehe 8

Sina hamu ya kuandika, lakini nikikaa kimya ni mbaya zaidi.

Saa tano mashine zikazimwa, wote tukakusanyika kumuaga mzee. Mwandishi wa kitabu naye alikuwepo, mama mmoja mwalimu, amevaa vizuri. Bosi akasema kabla ya soda, atusomee kidogo kazi za wasahihishaji wake. Akasoma tano za Bi Nukta. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akatabasamu. Kisha Bosi akachukua zangu. Nikanyoosha kola.

Mipaka: mnyama mdogo wa kufugwa anayekamata panya.

Bosi akageuza karatasi, akatazama nyuma yake, akarudi mbele.

Vijana: siku iliyotangulia leo. Mtu akakohoa. Kijiji: mji mkubwa sana wenye watu wengi. Mkaa: mnyama wa majini mwenye miguu mingi, hutembea kwa ubavu. Mtaa: chombo cha kutoa mwanga. Alipofika vinyonga, sehemu ya mwili ambapo paja hukutana na kiuno, fundi wa mashine ya kukatia karatasi alikaa sakafuni akishika mbavu. Mzee anayestaafu alilia machozi, na hayakuwa ya kutuaga. Bosi mwenyewe hakucheka. Aliendelea kusoma mpaka mlima, yaani kufanya kazi shambani kwa jembe, halafu akakunja karatasi mara mbili.

Akaniuliza mbele ya wote, mtoto akimwambia mwalimu wake kwamba jirani yake anakaa kwenye mtaa, yaani ndani ya taa, mimi nitakuwepo kumtetea? Nikasema bosi, ni kompyuta. Akauliza hiyo kompyuta ililelewa na nani, na mimi nililelewa na nani. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliumia, nasema kweli, niliumia mpaka masikio yakaziba. Miaka tisa nimeitamani ile meza, na leo nimeikosa kwa mdomo wa Bosi akisoma kazi yangu mwenyewe.

Bi Nukta amepewa meza. Ukimtoa Bosi, kiwanda kizima kilicheka isipokuwa yeye. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeenda kazini nikitegemea barua ya kufukuzwa. Fundi wa mashine ya kukatia (ambaye sasa ananiita Kinyonga) ameninong'oneza kwamba jana jioni Bosi alishaanza kuiandika. Bi Nukta akaingia ofisini, akafunga mlango, akatoka baada ya nusu saa. Barua ikachanwa.

Akaniita dirishani. Kuna upepo kweli pale. Akaniambia taratibu, hata wa meza ya jirani asisikie, kwamba kitabu hakijaingia mashineni. Ameomba nipewe nafasi moja. Maneno yangu arobaini niyarudie, nikabidhi Jumatatu, yakiwa mazuri nitakuwa msaidizi wake, na meza yangu itatolewa pale kwenye mlango wa choo isogee karibu na hapa. Yakiharibika tena, hana tena mdomo wa kwenda nao kwa Bosi.

Sharti ni moja. Bila kompyuta, bila kamusi ya aina yoyote. Niandike kama ninavyomweleza mtoto wangu. Akasema kaka, haya maneno umekua nayo, uliyasema kabla hujajua kuandika, nani mwingine akufundishe maana yake? Juu ya orodha akaongeza neno moja kwa kalamu yake, jepesi kabisa, la kunipa moyo nianze.

Nikasema asante dada. Mara ya kwanza nimemwita dada.

Jumapili, tarehe 10

Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi, nikitembea kutoka mlangoni hadi jikoni na kurudi, na sasa nimeelewa. Ni mtego! Eti kutoka kichwani! Kichwa cha mtu mmoja kina maneno mangapi? Mashine ina elfu thelathini. Msaidizi gani anayeacha elfu thelathini akategemea kichwa chake?

Na kosa la juzi nimeshaligundua. Halikuwa kwenye mbinu. Mbinu ni nzuri. Kosa ni haraka. Kila neno nililivua mara moja tu nikaridhika. Fundi makini anavua mpaka ndani kabisa.

Mke wangu amesema nikae mezani niandike kwa mkono, ataniwekea chai. Nikamwambia naenda kunyoosha miguu. Niko duka la intaneti, kompyuta ya pembeni. Yule dada aliniuliza leo nataka kabati au sahani, nikamwambia vyote, na haraka. Imechukua dakika kumi bila kosa hata moja! Mikono yangu imezoea sasa. Bi Nukta hatajua.

Neno la kwanza, lile aliloliongeza kwa mkono wake, ni mama.

Nimevua ma. Limebaki ma. Safari hii sikubabaika, nimevua na hiyo. Nimebofya tafuta. Kisanduku kimebaki kitupu, kompyuta inafikiri, na mimi nasubiri inijibu.