Koti Langu na Begi la Dada

Alhamisi, 7 Agosti

Dada karudi! Miaka minne ughaibuni, leo kasimama mlangoni mwangu na begi kama kabati, eti amekuja kumchukua mwanawe. Mwanawe! Nani kamlea? Mimi, fundi viatu, mseja, niliyejifunza kusuka nywele kwa machozi ya mtoto. Tunamwita Kinanda kwa vile hanyamazi. Leo kanyamaza. Kajificha nyuma yangu, akaniuliza kama huyu mama wa kwenye simu atalala hapa.

Nilifurahi. Mungu anisamehe.

Mpango: Jumamosi twende bustani ya bembea, sote watatu. Kinanda ataona mwenyewe nani anamfaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Dada anapakia. Mwavuli, dawa ya tumbo, dawa ya kichwa, biskuti za kulisha kijiji. Nikamwambia tunakwenda kucheza, hatuhami. Akasema mtoto ni mtoto. Hee! Ananifundisha mimi mtoto!

Mimi sibebi kitu. Koti langu la mifuko latosha: mayai ya kuchemsha, maji, kitana. Yeye na lile begi atachoka kabla ya saa sita. Mimi nitakuwa mwepesi, nakimbia na Kinanda wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Pale bustanini, treni ya kupinduka ikatugeuza vichwa chini. Mayai yakatoka mfukoni, moja likamgonga bwana wa mbele kwenye kisogo. Kinanda alicheka hadi akakosa pumzi. Nikajua nimeshinda.

Kisha boti ya maporomoko. Wazo la nani? Langu. Tukatoka tumelowa chapachapa, upepo ukaanza, mtoto akawa anatetemeka. Nikapapasa mifuko yote. Kitana! Nikamvika koti, nalo linachuruzika maji.

Dada akafungua begi. Akatoa gauni jipya, la manjano, lebo bado inaning'inia. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza kule, akasema, akalitunza mpaka siku ya kurudi. Akalikunjua. La mtoto wa miaka minne, na Kinanda sasa ana minane! Akalitazama, akamtazama mwanawe, akakaa chini palepale kwenye foleni, akalia.

Neno lilinijia ulimini, tamu: ndiko kumjua mwanao huko? Nusura nilitoe.

Kinanda akalichukua gauni. Akajipenyeza, mshono ukachanika kwapani, mikono ikaishia kwenye viwiko. Akasema linamtosha kabisa, Mama asilie.

Mama. Mimi nimelowa, kitana mkononi, namsikia akilisema. Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Jumatano, 13 Agosti

Wameondoka asubuhi. Kinanda alinikumbatia shingo, akaniagiza nile vizuri.

Lakini sijashindwa! Dada alitaka kubeba vitu vyote vya mtoto. Nikamshauri kama ndugu wa damu asafiri mwepesi, vingine viachwe. Akanishukuru, masikini, hajui. Nimeficha kiatu kimoja, kile cheusi nilichomshonea Kinanda mwenyewe. Nani anatembea na kiatu kimoja? Lazima arudi kukifuata. Safari hii mpango hauna tundu.

Nyumba imenyamaza mno. Nimekipiga rangi, nimekijaza karatasi kisipoteze umbo, nimekiweka juu ya meza ya kazi. Hata akikaa huko miaka minne, akirudi kitamkaa sawasawa. Mimi ndiye fundi. Mguu wake naujua.