Fidla ya Baba na Mapigo ya Moyo Wangu

Jumatatu, 9 Juni 1969
Bi Mwatum, mwalimu wetu wa bayolojia, kasema moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapoa. Alhamisi tutapimwa baada ya kukimbia, kisha tukisikiliza muziki. Atakayetulia vizuri ataonesha jaribio mbele ya wazazi, pamoja na Sichana, mpimaji wetu. Mwenzetu darasani, Usi, hukimbia Mnazi Mmoja kila alfajiri. Mimi ngazi za nyumbani tu nahema. Itabidi nitumie akili.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwomba bibi gramafoni na santuri yenye fidla ya marehemu baba. Baba alipiga fidla kwenye klabu ya taarab. Akifanya mazoezi sebuleni, nilikuwa nikilala mkekani kabla wimbo haujesha. Hakuna kinachonituliza kama wimbo ule. Bibi aliifuta santuri kwa ncha ya kanga. Sharti: nisiikwaruze. Bi Mwatum kakubali ndiyo ipigwe Alhamisi. Usi hajui kitu.

Jumatano, 11 Juni
Mazoezi. Nimekimbia Malindi mpaka Forodhani. Nimerudi juu ya mkokoteni wa hamali, katikati ya magunia ya karafuu. Mama kauliza kama naumwa. Nimemwambia ni sayansi.

Alhamisi, 12 Juni
Uwanjani nikawa wa mwisho. Sikujali. Sichana akanishika kifundo cha mkono, santuri ikaanza. Ikanijia sebule yetu, harufu ya udi kwenye kanzu ya baba, mguu wake ukigonga sakafu. Moyo ukanitoka mbio kama punda aliyekata kamba. Machozi nikayasingizia jasho. Usi kafumba macho, katulia kama maji mtungini. Kachaguliwa yeye.

Sichana hakuniachia mkono upesi. "Mcha, nani huyo anayepiga fidla?"

Nikamwambia ni baba. Akaomba iwekwe tena.

Jumamosi, 14 Juni
Usi kaja kwetu kuomba kuisikiliza santuri. Bibi kamkalisha, kamsimulia habari za baba ambazo hata mimi sikuwahi kuzisikia. Kuondoka, Usi kaniambia tuwe tunakimbia pamoja alfajiri, moyo wangu utazoea. Muungwana. Nimemshukuru.

Lakini nimesikia kahawa chungu huchafua mapigo. Siku ya wazazi nitamkaribisha Usi kahawa kabla ya jaribio, nami nitasimama karibu na Sichana, tayari kushika nafasi. Nshakunywa vikombe kadhaa kuhakikisha. Mkono unatetemeka, mwandiko sijui kama utasomeka. Mpango mzuri sana.