Chai Ile Ilikuwa ya Kwangu

Ndugu Mhariri,

Naandika huku gazeti lako la Ijumaa likiwa mezani, chini ya birika, mahali linapostahili kwa sasa. Umetoa kurasa mbili nzima kwa bendi ya Vitambaa vya Viti, fahari ya mji wetu wa Huddersfield tangu 1979, ambamo mwanangu Nigel alipiga kinanda cha umeme. Picha ni nzuri, ingawa nywele zao sikuzipenda hata wakati ule. Lakini yapo yanayonikera, nami nimeyapanga kwa namba ili usipotee.

1. Unasema wimbo wao mkubwa unaanza kwa "mwanamke asiyejulikana" anayepaza sauti: "Chai yenu inapoa." Ndugu Mhariri, najulikana. Nimekaa mtaa huu miaka hamsini na sita na barua zangu hazijawahi kupotea. Wimbo ule ulirekodiwa kwenye chumba changu cha mbele, na jina la bendi walilitoa kwenye vitambaa vya makochi yangu, bila kuomba.

2. Profesa wenu wa London anaeleza kwamba chai hiyo ni kejeli kwa matajiri wanaokunywa chai na vikeki alasiri huku viwanda vikifungwa. Huyu bwana hajawahi kula kwetu. Huku kaskazini mwa Uingereza "chai" ni jina la chakula cha jioni, na siku ile kilichokuwa kinapoa ni viazi, nyama ya kusaga na kabichi. Nilimsomea Nigel kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. "Waache tu, Mama. Tungesema ni kabichi, nani angeinunua santuri?"

3. Unaorodhesha bendi kumi na moja zilizowaiga, kuanzia Leeds na Ubelgiji hadi Japani, na kila moja ina wimbo unaoanza na mwanamke anayefoka. Basi hawakuiga kinanda cha Nigel, wala uimbaji wa Gareth Sykes, aliyekuwa akiimba kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Waliniiga mimi. Kwa hiyo mtindo mzima mnaouita wimbi jipya ulianzia jikoni kwangu, na naomba utangaze hivyo. Halmashauri nayo ikibandue kile kibao cha kumbukumbu ya bendi pale ukumbi wa muziki, ikibandike juu ya jiko langu. Wageni watapokewa Jumanne na Jumatano, na wafute viatu.

4. Hili ndilo linaloniuma, na sitazunguka. Mwezi ujao bendi inarudi jukwaani, na sauti ile wamempa mwigizaji wa London. Nilimkuta Gareth kwa muuza samaki na chipsi, nikamuuliza. "Bi Oldroyd, wewe kaa kiti cha mbele ustarehe," akaniambia. "Yule dada amesomea." Amesomea kuita watu kula. Mimi nina miaka themanini na mbili, na maishani nimefanya jambo moja tu ambalo watu wa Japani wanalijua. Sitaki kunyang'anywa. Naomba gazeti lako limbane Gareth anipe jukwaa, la sivyo nitasimama juu ya hicho kiti cha mbele niwaite palepale, na mapafu ninayo.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na yule binti wa matangazo ya vifo, anayeandika vizuri kuliko wenzake.

Wako mwenye kudai haki,
Bi Winifred Oldroyd

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binti yangu Susan amekuja na vifaa vyangu vipya vya kusaidia kusikia na ile santuri. Nimeisikiliza mara nne. Baada ya "inapoa" kuna neno nililodhani miaka yote ni ngoma: "vipenzi." Mimi sijamwita mtu kipenzi tangu nizaliwe. Aliyeita kila mtu hivyo ni Edna Hinchliffe, jirani yangu, tuliyemzika miaka tisa iliyopita. Jalada linasema walirekodi siku ya Alhamisi, na kila Alhamisi nilikuwa zamu ya jioni kiwanda cha sufu. Sikuwahi kujiuliza jioni hizo wanangu walikula nini, wala nani aliwapikia. Nimempigia Nigel. "Tulijua, Mama," amesema. "Ila ulikuwa unajivunia mno." Edna mwenyewe aliisikia redioni miaka yote ile, akaninyamazia. Tafadhali futa yote niliyoandika, na pale penye "mwanamke asiyejulikana" uandike jina lake. Na yule mwigizaji mwambie asiliruke lile neno la mwisho.