Muuaji Aliyefumba Macho ya Maiti

Mishomoroni, Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Miaka ishirini na tisa leo tangu vita vya shifta vitutoe Kiunga. Kwa wenyeji bado mimi ni mgeni, ila akifa mwanamume ndipo ninapokuwa mtu wao: mimi ndiye mwosha maiti. Leo pia nimekuwa muuaji. Ule mchezo wa televisheni, ambamo kila wiki inspekta humkamata muuaji mpya wa watu wengi, umekuja kupigwa picha Kisauni. Nimeua watatu kabla ya adhuhuri. Mwongozaji, Tsuma, amezisifu ndevu zangu. Yeslam, mwosha mwenzangu, naye alitaka kuigiza, amerudishwa mlangoni. Alhamdulillahi!

Ijumaa, 29 Oktoba

Tumeutazama dukani kwa Aqil, mtaa mzima. Balaa. Nilipokwisha kumkaba yule wa tatu, mikono ilikwenda yenyewe: nikamfumba macho, nikamfunga kidevu, nikamnyoosha, nikamwelekeza kibla. Tsuma hakukikata kipande hicho. Waliokuwa wakicheka wakageuka kuitazama mikono yangu. Aqil akauliza kama siku hizi kazi najitafutia mwenyewe.

Jumapili, 31 Oktoba

Kumefiwa mtaa wa pili. Ameitwa Yeslam, ambaye huosha maiti kama asuzaye vikombe. Mke wangu Salme asema watu wanaiogopa mikono yangu. Nikamwambia basi tufunge virago turudi Kiunga. Akaniuliza turudi kwa nani, na nyumba yetu kule haina hata kuta.

Jumanne, 2 Novemba

Hila! Nimemwendea Tsuma: nirudi mchezoni kama pacha wa yule muuaji, mcha Mungu, asiye na hatia. Watu wataelewa. Amesema kwake muuaji huja mara moja, hukamatwa, basi. Nikauliza, je, nikinyoa ndevu? Akakitazama sana kidevu changu.

Alhamisi, 4 Novemba

Asubuhi alibisha Mwanasaumu, binti wa Mzee Rashid, aliyekuwa kitandani tangu Ramadhani. Babake amefariki alfajiri. Nikamwambia kwamba Yeslam yuko nyumbani kwake.

"Hapana, Mzee Faki," akasema. "Baba alikuona kwenye televisheni. Alisema, huyu hata aliyemuua amemstahi. Akausia aoshwe na wewe."

Nikamwosha taratibu, maji ya mwisho yakiwa na karafuu maiti, kama nilivyofundishwa na baba. Nilipotoka walinipa mkono mmoja mmoja, wenyeji wale. Hata Yeslam, ingawa mkono wake ulikuwa mlegevu.

Nyumbani nimekuta barua ya Tsuma. Amefikiri tena. Anamtaka mzee asiye na ndevu, awape sumu wake zake wanne. Salme ameapa, wallahi, kwamba tangu leo chai yake atajipikia mwenyewe. Wembe nimekwisha kununua.

Kiunga sitarudi.